Nakupenda kwa Kindebele, Kizulu, Kishona na Kiswahili: lipi umwambie nani

Kila Desemba inapokaribia, simu yangu hulia sana. Ni vijana wetu walioko Johannesburg, wa Tanga, wa Dar, wa Mombasa, waliopata wachumba kutoka Bulawayo, Zimbabwe, na sasa wanapelekwa ukweni kutambulishwa. Swali lao huwa moja: "Dada, 'nakupenda' kwa Kindebele wanasemaje?" Jibu la haraka ni neno moja, *ngiyakuthanda*. Ila huwa sikati simu hapo. Mimi niliingia katika nyumba ya Wandebele na neno hilohilo, na siku ya kwanza tu nikampa mtu ambaye halikuwa lake.

Nilimwambia mama mkwe. Nilikuwa nimepiga magoti kama nilivyoelekezwa na mume wangu, nimepokea kikombe cha chai kwa mikono miwili, nikamtazama usoni nikasema, "*Ngiyakuthanda, mama.*" Chumba kikawa kimya. Mama akanitazama kwa upole, halafu akauliza, "*Isibongo sakho ngubani?*" Ukoo wenu ni upi? Nikamtajia jina la ukoo wa baba yangu, Shemdoe. Tangu siku ile hajawahi kuniita jina nililopewa nilipozaliwa. Huniita MaShemdoe. Mwaka mzima ulipita kabla sijajua kwamba palepale, mbele ya ile chai, alikuwa ameshanijibu.

Kwa hiyo nikilinganisha lugha hizi nne, Kindebele, Kizulu cha Afrika Kusini, Kishona cha Zimbabwe na Kiswahili chetu, siendi kwa mpangilio wa kamusi. Naenda kwa mtu unayesema naye, maana hapo ndipo zinapoachana.

Hakikisha kwanza ni Kindebele kipi

Jina Kindebele ni la lugha mbili. Moja ni ya Zimbabwe, inayosemwa Bulawayo na katika mikoa ya Matabeleland. Chimbuko lake ni watu wa Mzilikazi wa ukoo wa Khumalo, aliyetengana na Shaka, mfalme wa Wazulu, katika miaka ya 1820, akaelekea kaskazini na kukusanya njiani watu wa makabila mengi. Ndiyo maana lugha hiyo na Kizulu ni kama watoto wa mama mmoja. Katiba ya Zimbabwe ya mwaka 2013 inaitaja miongoni mwa lugha 16 rasmi.

Nyingine ni ya Afrika Kusini, hasa Mpumalanga, pande za Siyabuswa. Ni lugha ya wale akina mama wanaopamba kuta za nyumba kwa rangi kali, ambao dunia iliwafahamu kupitia mchoraji Esther Mahlangu. Nayo ina hadhi yake: ni lugha rasmi katika katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1996. Utazitambua kwenye salamu tu. Wa Bulawayo watakuambia *salibonani*, wa Siyabuswa watakuambia *lotjhani*. Ukisikia *lotjhani*, mtafute mwenyeji wa huko akufundishe. Haya ninayoandika ni ya Bulawayo.

Kwa mpenzi wako

Hapa kazi ni nyepesi, na Mswahili ana bahati. Tazama maneno yalivyojengwa: na-*ku*-penda, ngi-ya-*ku*-thanda, ndi-no-*ku*-da. Yule unayempenda amekaa kiti kilekile katika lugha zote, na kiti hicho kinaitwa *ku*. Ukishaliona hilo, neno halikutoki tena kichwani.

| Kiswahili | Kindebele | Kizulu | Kishona |
|---|---|---|---|
| Nakupenda | Ngiyakuthanda | Ngiyakuthanda | Ndinokuda |
| Nawapenda | Ngiyalithanda | Ngiyanithanda | Ndinokudai |
| Mpenzi wangu | Sithandwa sami | Sthandwa sami | Mudiwa wangu |
| Nimekukumbuka | Ngikukhumbule | Ngikukhumbulile | Ndakusuwa |
| Mwanangu | Mntanami | Mntanami | Mwanangu |
| Shangazi | Babakazi | Babekazi | Tete |
| Asante | Ngiyabonga | Ngiyabonga | Ndatenda |

Mambo matatu kuhusu jedwali hili, kabla hujalipiga picha na kulituma.

La kwanza ni matamshi. Hiyo *th* ya *thanda* si ile ya thamani au thelathini. Ni *t* yetu ya kawaida ikisindikizwa na pumzi. Anayesema *thanda* kama anasema thamani hueleweka, lakini wanaomsikiliza huanza kusikiliza ulimi wake badala ya moyo wake.

La pili ni mstari wa pili wa jedwali, na hapa ndipo Kindebele na Kizulu vinapomtega mgeni. Mndebele akiwaambia watu wengi anawapenda husema *ngiyalithanda*. Chukua neno hilo uende nalo Durban, ulitamke mbele ya familia ya Kizulu, nao watasikia "nalipenda", kama mtu anayesifu jambo fulani au nchi fulani. Wao husema *ngiyanithanda*. Vijana wengi hujifunza Kizulu cha Johannesburg wakadhani kitawatosha Bulawayo. Kitawatosha kununua mkate. Ukisimama mbele ya ukoo mzima kushukuru, ile *li* ndiyo inayowaambia kwamba umejifunza lugha yao, si ya jirani yao.

La tatu ni Kishona. *Kuda* ni kupenda, na *kuda* ni kutaka. *Ndinoda mvura*, nataka maji, *ndinokuda*, nakupenda. Kwetu sisi "nakutaka" ni neno la kukosea adabu, kwa hiyo Mswahili akielezwa maana hiyo hushtuka. Usishtuke. Jina Kudakwashe, ambalo Wazimbabwe wengi huwapa watoto wao, limetoka humohumo, na maana yake ni mapenzi yake Mungu. Na sisi tunaposema "mapenzi ya Mungu" tunakusudia nini kama si atakayo Yeye? Tuko karibu kuliko tunavyodhani.

Kiswahili nacho kina jambo ambalo hizo tatu hazina: kinatenga mapenzi na upendo. Mapenzi ni ya wawili, upendo ni wa mama na mwana, wa jirani, wa waumini. Kindebele kina *uthando* tu, Kishona kina *rudo* tu. *Uthando lukamama* na uthando wa wachumba ni uleule. Mwanzoni nilihisi kama wamekosa chumba kimoja ndani ya nyumba yao. Siku hizi napenda ulivyo, kwamba mume wangu anapotaja uthando sihitaji kuuliza ni wa aina gani.

Sasa chaguo. Kama mpenzi wako ni wa Bulawayo na mnaishi Johannesburg, kila siku anasema Kizulu kazini na Kiingereza benki. Kindebele anakisikia kwa simu kutoka nyumbani na kanisani Jumapili. Mwambie *ngiyakuthanda sithandwa sami* kwa lafudhi ya kwao. Kizulu atakielewa, Kiingereza atakielewa zaidi, lakini Kindebele kitamfikisha nyumbani.

Na tafadhali usimpelekee mkwe wa Matabeleland maneno matamu ya Kishona ukidhani Zimbabwe ni moja na lugha ni moja. Kishona ni lugha nzuri na wengi Bulawayo wanaisema, wengine wamezaliwa nayo. Lakini kati ya 1983 na 1987 maelfu ya raia waliuawa Matabeleland na Midlands katika yale yanayoitwa Gukurahundi, na kikosi cha jeshi kilichofanya hivyo kilikuwa hasa cha wasemaji wa Kishona. Wazee waliozika wakati ule bado wako hai. Uliza kwanza nyumba hiyo inasema nini. Huenda wakakuambia ni Wakalanga, watu wengine wa huko wenye lugha yao, na hapo ujifunze salamu nyingine kabisa.

Kwa mama mkwe, baba mkwe na wazee

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wandebele, kama Wazulu na Waxhosa, wana desturi ya *ukuhlonipha*. Mke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, na wanaoishika sana desturi huepuka hata maneno yenye sauti ya jina hilo. Upendo kwa wakwe unakaa ndani ya heshima hiyo. Kumwambia baba mkwe *ngiyakuthanda* si tusi, lakini ni kama kumkumbatia mtu aliyenyoosha mkono wa salamu.

Badala yake, wanaitana kwa ukoo. Mwanamke aliyeolewa hubaki na ukoo wa baba yake, ukitanguliwa na Ma: MaNdlovu, MaDube, MaKhumalo, MaNcube. Mume, watoto wa jirani, mchungaji, wote humwita hivyo. Mimi nilidhani ni njia ya kuniweka mbali, kama kusema "wewe si wetu, wewe ni wa akina Shemdoe." Ni kinyume chake. Anayekuita kwa ukoo wako amekubali kwamba hukuokotwa njiani, una watu, na kwa kukutaja amewataja wote nyuma yako.

Wanaume nao huitwa hivyo, na ukitaka kumfurahisha mzee kweli, panda ngazi moja zaidi. Mtu wa ukoo wa Ndlovu mwite Gatsheni. Wa Khumalo mwite Mntungwa. Hayo ni majina ya sifa ya ukoo. Mume wangu ni Ndlovu. Akirudi kazini amechoka nikamwambia "*Ngiyabonga, Gatsheni*" kwa jambo dogo tu, kwa kuleta mkate, uso wake hubadilika namna ambayo "nakupenda" ya kila asubuhi haijawahi kuubadilisha.

Kishona kina njia inayofanana na hii: *mutupo*, mnyama au kitu ambacho ndicho alama ya ukoo. Shukrani haisemwi kavu. Mwenye mutupo wa simba huambiwa *Maita Shumba*, na anayeshukuru hupiga makofi taratibu, wanawake wakiwa wamekunja viganja kama wanaokinga maji. Tena Kishona kina adabu ya wingi: mtu mmoja mzee husemeshwa kama ni wengi. Ndiyo sababu hiyo *ndinokudai* ya jedwali inaweza kuambiwa mama mmoja tu. Kwa hiyo ukiwa na mkwe Mshona, "nakupenda" inayobeba heshima ipo tayari, na hili nawaonea wivu.

Sisi tuna shikamoo. Tunajua ilikotoka, nashika miguu yako, na tunajua mzee anavyoinua kichwa kuitikia marahaba. Pia tuna ile ya kumwita mzazi kwa mtoto wake, Mama Asha, Baba Juma. Hiyo unaweza kusafiri nayo: Wandebele watasema NakaThandi, mama yake Thandi; Washona watasema Mai Tinashe. Ukisahau ukoo wa mtu, mtafutie mtoto wake.

Nikimshauri kijana, kwa wakwe wa Kindebele namwambia aende na maneno matatu: *salibonani* akiingia, *ngiyabonga* pamoja na jina la ukoo akipewa chochote, na *lisale kuhle*, mbaki salama, akiondoka. *Ngiyalithanda* aiweke hadi wao waianze, au hadi siku ya harusi anaposimama kushukuru.

Kama unaona aibu kusema, beba khanga. Mwaka wa pili nilimpelekea mama doti yenye maandishi "Nani kama mama". Aliniambia nimsomee, nikasoma, akaniambia nimtafsirie, nikatafsiri, kisha akataka nimsomee tena kwa Kiswahili. Huko kusini hawaoni ajabu nguo au pambo kusema: Wazulu wana shanga ambazo wasichana waliwatungia wapenzi wao, kila rangi na ujumbe wake, na Wandebele wa Mpumalanga wana *lingakoba*, mikanda mirefu ya shanga anayoivaa mama ambaye mwanawe ametoka jandoni. Jina hilo huelezwa kuwa ni machozi marefu, ya huzuni kwa mtoto aliyepotea na ya furaha kwa mwanamume aliyepatikana.

Kwa watoto, na majina yao

*Mntanami* ni tamu, lakini kwa watoto wangu nimechagua Kiswahili na sijutii. Shangazi yao na bibi yao wanawapa Kindebele cha kutosha. Kiswahili bila mimi hawatakipata popote mtaani. Kama baba yao angekuwa Mshona, nisingesema hivi kwa ukali, kwa sababu mwanangu ya Kishona na mwanangu yetu ni neno lilelile, na mtoto angevuka bila kujua amevuka.

Penye uchaguzi mgumu ni jina. Familia ya mchanganyiko hukaa mezani na kila upande una lake. Ushauri wangu ni kutafuta jina ambalo pande zote zinaweza kulisikia. Sipho ni zawadi kwa Kindebele, Chipo ni zawadi kwa Kishona, na ukikumbuka kwamba sisi tuna kipawa, utaona majina yote yamezaliwa na kitenzi kimoja, kupa. Mtoto akiitwa Sipho, babu yake wa Tanga hahitaji tafsiri ndefu. Thandiwe ni aliyependwa. Kwetu kuna Pendo. Sibongile ni tumeshukuru, na Washona wana Tatenda.

Angalia tu majina yanayodanganya sikio. Lindiwe, Mswahili husikia "aliyelindwa". Kwa Kindebele *ukulinda* ni kungoja pia, na Lindiwe ni mtoto aliyengojewa. Mama aliyekaa miaka akimsubiri mtoto huyo hatafurahi ukimweleza mwanawe kama mlinzi wa geti.

Ukiwa mbali

*Khumbula* ni kumbuka. Mndebele akisema *ngikukhumbule* hamaanishi kwamba umemjia kichwani tu, ana hamu nawe, na Kiswahili kinafanya vivyo hivyo tunaposema nimekukumbuka. Kishona kinakwenda kwingine: *ndakusuwa* ina upweke ndani yake, yaani kukosekana kwako kumenitia simanzi. Nikiandika barua ya mapenzi ningeazima hiyo.

Lakini kwa watu wa Bulawayo, kukumbukana hakuishii kwenye neno. Nusu ya kila ukoo iko eGoli, yaani Johannesburg, na aliyekwenda huko kutafuta anaitwa *injiva*. Kati ya miji hii miwili wako *omalayitsha*, madereva wanaobeba mizigo kwa gari na trela kuvuka mpaka wa Beitbridge: mafuta ya kupikia, sukari, unga, sabuni, blanketi. Mwaka 2008, maduka ya Zimbabwe yalipokuwa matupu, mizigo hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nyingi. Mama mkwe wangu hajawahi kuniambia kwa mdomo kwamba ananipenda. Amewahi kunisimulia, mfuko kwa mfuko, kila kilichokuwa ndani ya mzigo tuliomtumia, pamoja na rangi ya kifuniko cha ndoo.

Na ukiondoka kwake hutoki mikono mitupu. Atakufungia *umphako*, masurufu ya njiani: kuku wa kukaanga, mikate, mayai. Usikatae kwa kusema umeshiba. Kukataa umphako ni kukataa "nakupenda" iliyopikwa tangu saa kumi alfajiri.

Anapoumia

Kiswahili kinashinda hapa, nasema bila kuona haya. Pole inamfaa aliyejikwaa, aliyefiwa, anayetoka kazini na anayepika. Kindebele kina *nxese*, na hiyo *x* hutoka pembeni mwa mdomo, kama mtu anayehimiza punda. Kwa mtoto aliyejigonga kuna *phephisa*, na bibi huisema akipapasa palipouma. Washona wana *nematambudziko* ya msibani, yenye uzito wake. Hakuna kati ya hizo inayofanya kazi zote za pole, na mume wangu ameiazima. Siku hizi hata dada zake wakipigiana simu nasikia "pole" katikati ya Kindebele chao.

Kijana wa mwisho kunipigia mwaka huu alitaka nimwandikie ngiyakuthanda kwenye ujumbe ili aikariri ndani ya basi. Nikamuuliza mchumba wake ni wa ukoo gani. Hakujua. Nikamwambia akamuulize, amuulize na ukoo wa mama yake, kisha anipigie tena kabla basi halijafika Beitbridge. Alinipigia usiku. "Ni MaSibanda, dada," akasema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Na mama yake ni MaNcube. Hiyo *c* naitamkaje?"